Njia ya Jambo: historia ya salamu katika Masisi na Walikale

Mtu wa Walikale akikutana na mwenzake njiani husema "Jambo", na mwenzake hujibu "Jambo", au "Jambo sana" akitaka kuongeza uchangamfu. Hakuna hujambo, hakuna sijambo. Msafiri kutoka Tanga au Unguja, aliyekuzwa kwa hujambo, hamjambo na shikamoo, husikia hapo salamu iliyopungua, ile ile inayochapwa kwenye fulana za watalii Mombasa, na pengine huona ni wajibu wake kumsahihisha mwenyeji. Hapo anakosa adabu, kwa kuwa amemkosoa mtu aliyemkaribisha, na historia pia imempita, kwa kuwa salamu hiyo imekaa katika bonde la Kongo tangu zamani za misafara ya pembe za ndovu.

Masisi na Walikale ni teritwari mbili jirani za mkoa wa Kivu Kaskazini, Kongo ya mashariki, ila ukizitazama hutadhani ni jirani. Masisi ni milima, malisho mabichi, ng'ombe, jibini, viazi na baridi ya asubuhi. Watu wamejaa hadi juu ya vilele. Walikale ni msitu. Ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za mkoa, na watu wake wametawanyika katika vijiji vilivyojipanga kando ya barabara na kando ya mito, Lowa ukiwa mkuu wao. Masisi wanaishi Wahunde, Wahutu, Watutsi, Watembo na Watwa. Walikale ni nchi ya Wanyanga, Wakano, Wakumu na Watembo. Kila jamii ina lugha yake, na ndani ya nyumba lugha hiyo ndiyo inayotawala. Kiswahili kimepewa njia, soko, kanisa, hospitali na kizuizi cha barabarani kiitwacho bariyeri, yaani kila mahali ambapo mtu hukutana na asiye wa nyumba yake.

Ukiangalia ramani utadhani Kiswahili kiliingia Masisi kutoka mashariki, kikivuka Rwanda. Sivyo kilivyoingia. Wafalme wa Rwanda hawakuwapenda wafanyabiashara wa pwani, na karne yote ya kumi na tisa misafara ilizunguka nchi yao kwa mbali. Njia iliyofungua Walikale ilikuwa ndefu mno: kutoka Unguja hadi Bagamoyo, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, kuingia Maniema hadi Nyangwe na Kasongo, halafu kuteremka na mto Lualaba kuelekea kaskazini. Kutoka kwenye mto huo, mahali kama Kirundu, watu wa bunduki walipanda tena kuelekea mashariki, wakifuata Lowa na matawi yake msituni. Kwa hiyo Kiswahili kilifika Walikale kutoka magharibi, kikiwa kimekwisha zunguka nusu ya Afrika, na kilipofika kwenye milima ya Masisi kilikuwa kinatokea msituni.

Salamu waliyoibeba tunaijua. Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mwezi Novemba 1871 na kumkuta David Livingstone, aliandika jinsi umati ulivyomlaki kwa kelele za "Yambo". Ndivyo wasafiri wengi wa wakati ule walivyolisikia neno lenyewe na ndivyo walivyoliandika, wakiwa mbali kabisa na pwani. Hadi leo wapo Wakongo wanaotamka Yambo, hasa upande wa Katanga. Kwa hiyo miaka ya 1870, kabla Mbelgiji hajakanyaga Kivu, salamu fupi isiyo na hu- wala si- ilikuwa tayari ndiyo salamu ya bara. Wapagazi wa Kinyamwezi, wawindaji wa Kimanyema, watumwa waliochukuliwa utotoni na mabwana wao waliozaliwa Unguja, wote walihitaji neno moja ambalo kila mmoja angeweza kulisema na kulijibu bila kujifunza sarufi. Sioni upungufu wowote katika hilo. Waliichagua salamu iliyowatosha wote.

Lakini lazima tuseme ilikuja na nini. Mkubwa wa biashara ya pembe, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alijenga utawala wake Kasongo, na mwaka 1887 Leopold wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Chini yake na kando yake walikuwepo wakubwa wengine, kama Kibonge wa Kirundu, na chini ya hao vikosi vya vijana wenye bunduki waliokwenda kutafuta pembe popote zilipo. Kijiji kilichokataa kutoa pembe kilichomwa, wanawake na watoto wakachukuliwa, na wazee wakaambiwa walete pembe ndipo wawakomboe. Watu wa misitu ya Lowa waliyasikia maneno ya kwanza ya Kiswahili kutoka kwa watu wa namna hiyo. Watoto waliochukuliwa walikua katika kambi, wakavaa kanzu, wakajifunza bunduki au jembe, na wakaitwa wangwana, waungwana kwa matamshi ya bara. Lugha yao ikaitwa Kingwana. Sehemu kubwa ya Kiswahili cha Kongo ya mashariki ilipandwa na hao hao waliotekwa, na wengi wao hawakuiona bahari maisha yao yote.

Vita vya 1892 hadi 1894 na dola la Leopold la Kongo viliuvunja utawala wa watu wa pwani. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka 1893. Baba yake alikwisha rudi Unguja, akafia huko mwaka 1905. Dola la Leopold lilichukua vituo vyao, njia zao, na lugha yao pia, kwa sababu haikuwepo nyingine iliyoeleweka kutoka Lualaba hadi ziwani. Mwaka huo huo wa 1894 ulipita msafara mwingine, huu ukitoka mashariki: Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani, aliyeanza safari yake Pangani, akavuka Rwanda, akaliona Ziwa Kivu, akapanda Nyiragongo, kisha akaingia msitu kuelekea magharibi hadi mto Kongo. Wapagazi wake walikuwa watu wa upande wa pwani. Katika vijiji vya msituni kati ya ziwa na Lualaba, Kiswahili kilichotoka Pangani moja kwa moja kilikutana na Kiswahili kilichozunguka kwa Maniema, na salamu zao zilielewana.

Wazungu walipojifunza lugha hii waliiandika. Mwaka 1928 wamisionari John na L. F. Whitehead walichapisha kitabu cha Kingwana huko Wayika, kwenye Lualaba, kwa Kifaransa, wakikitaja kuwa ni lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Lowa unaopita Walikale humwaga maji yake katika mto huo huo. Wapadri Weupe kwa upande wao walipendelea Kiswahili kilicho karibu zaidi na cha pwani, wakakifundisha katika katekisimu na katika shule. Tangu hapo Kivu ina Viswahili viwili: cha kitabuni, ambacho watu hukiita Kiswahili bora, na cha njiani. Mkatekista wa Masisi alisoma kimoja akiwa kanisani na kurudi kwenye kingine akitoka mlangoni, na waumini wake walifanya vivyo hivyo. Ukitaka kuona mahali viwili hivyo vinaposhikana mikono, sikiliza salamu za dini. Mkatoliki huanza "Tumsifu Yezu Kristu", na jibu ni "Milele na milele". Mprotestanti wa makanisa ya Kibaptisti au ya Kipentekoste husema "Bwana asifiwe", na mwenzake "Amina". Anayesalimu kwa moja ya hizo amekwisha kukuambia anasali wapi. Waislamu, ambao ni wachache huku na wengi zaidi kadiri unavyoikaribia Maniema, husema "Assalaam aleikum" kama popote.

Masisi ilibadilika zaidi kuliko Walikale katika miaka ya ukoloni. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu kugawa ardhi kwa walowezi, na milima ikapimwa kwa ajili ya kahawa, chai, pareto na ng'ombe. Ardhi ilikuwepo, wafanyakazi hawakutosha. Kwa hiyo kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuwahamisha Wanyarwanda, Mission d'Immigration des Banyarwanda, na makumi ya maelfu ya watu wakaletwa Masisi, wengi wao wakiwekwa Gishari, ambako walipewa hata utawala wao wenyewe kabla haujafutwa mwaka 1957. Hao walikuta wengine wanaosema Kinyarwanda waliokwisha kuwepo Kivu, na walikuta Wahunde, wenye nchi, ambao hawakuulizwa.

Shambani, Mhunde na Mnyarwanda walisimama mstari mmoja asubuhi wakingoja kuitwa majina. Kila mmoja alikuwa na salamu yake. Kinyarwanda kina "Mwaramutse" ya asubuhi, inayouliza kama mmepitisha usiku salama, na "Mwiriwe" ya jioni, inayouliza juu ya mchana, na "Muraho" ya watu ambao hawajaonana kwa muda. Kihunde kina zake, na watu wake wanazitunza. Baina ya wawili hao ikasimama Jambo ya njiani, ikachukua desturi ya majirani zake: baada ya kusema Jambo, huwezi kuondoka hivi hivi, lazima uulize usiku au mchana umepitaje. "Muliamuka?" "Tuliamuka." Jioni, "Mulishinda muzuri?" Pwani pia huuliza umeamkaje na umeshindaje, ila huku ndilo swali lisilokosekana. Kwa nyapara na kwa mzungu ilikuwa salamu nyingine kabisa: "Jambo bwana", kofia mkononi, macho chini, na mara nyingi bila jibu. Wazee waliopitia mashamba hayo wameisimulia kwa wajukuu wao, na ndiyo sababu moja ya neno bwana, linalokaa vizuri katika midomo ya Dar es Salaam, kusikika kwa uzito mwingine katika vilima vya Masisi. Kanisani ni la Mungu. Nje ya kanisa mtu humwita mwenzake papa, baba, mzee au ndugu.

Huko Walikale katika miaka hiyo hiyo, Mbelgiji Daniel Biebuyck alikuwa akikaa na Wanyanga, na mwaka 1956 msimulizi Shekarisi Rureke alimtolea utenzi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili. Mnyanga Kahombo Mateene alishiriki kuutafsiri na kuuchapisha mwaka 1969, na baadaye akaja kuongoza ofisi ya lugha za Afrika ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Naitaja habari hiyo kwa sababu kuna watu wanaosema Kiswahili kilizimeza lugha za msituni. Watu waliokuwa wamesalimiana kwa Kiswahili barabarani kwa zaidi ya nusu karne walikuwa bado na utenzi wa siku kumi na mbili kwa Kinyanga. Kila lugha ilijua mahali pake.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 haukubadili salamu za vijijini, ingawa vita vya 1963 hadi 1965, vilivyoitwa Kanyarwanda, viliacha uchungu Masisi. Mobutu alijaribu. Alipoipa nchi jina la Zaire mwaka 1971, aliamuru watu waitane citoyen na citoyenne badala ya monsieur na madame, na wanajeshi wake walileta "Mbote" ya Kilingala kutoka magharibi. Mbote ilibaki na wanajeshi. Hata sasa mtu wa Walikale akisikia Mbote kabla hajamwona anayesema, hufikiri sare. Neno afande lilikuja baadaye, mwaka 1996, na jeshi la Laurent-Désiré Kabila lililotokea mashariki. Kwa kila jeshi lililopita, watu walijifunza upesi jinsi mkubwa wake anavyotaka kuitwa, kwa sababu kwenye bariyeri salamu ndiyo kitu cha kwanza kupimwa.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Tarehe 20 Machi 1993 wapiganaji waliwavamia watu katika soko la Ntoto, Walikale. Waliolengwa walikuwa Wanyarwanda, wengi wao Wahutu. Mauaji yalienea hadi Masisi ndani ya siku chache, kisasi kikajibu kisasi, maelfu wakauawa na watu wapatao robo milioni wakayahama makazi yao. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda wakaingia kwa wingi, pamoja na waliofanya mauaji ya kimbari, na nchi nzima ikaharibika zaidi.

Soko la Kivu ni mahali pa salamu kuliko mahali pa bei. Mama anayeshuka na kapu mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, husalimu kila anayempita, na husalimu kabla ya kuuliza ndizi ni kiasi gani. Soko liliposhambuliwa, salamu yenyewe iliingia hatarini. Tangu siku zile, katika njia za Masisi, kumsalimu mtu usiyemjua kwa Kihunde au kwa Kinyarwanda kulikuwa ni kumwambia wewe ni nani, na kumlazimisha ajibu naye ni nani. "Muraho" katika kijiji kisicho chake ingeweza kumponza mtu. "Jambo" haikumponza. Mhunde aliisema, Mhutu aliisema, Mtutsi aliisema, Mnyanga aliisema, na kwa silabi mbili hizo mtu alipata muda wa kutazama uso wa mwenzake na kuamua kuendelea na safari. Lafudhi ingeweza kumsaliti, ndiyo, na wako waliosalitiwa nayo. Lakini wengi walivuka kwa Jambo. Lugha iliyoingia msitu wa Lowa na bunduki za wawinda pembe ilikuwa, baada ya miaka mia, kivuli cha watu waliokuwa wakiwakimbia wenye bunduki wengine. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii, na nimeshangaa kuona linavyotajwa kwa nadra katika maandiko ya wataalamu wa lugha.

Walipotafuta amani pia walikipa chombo chao jina la Kiswahili. Mwaka 1998 viongozi wa jamii za Kivu Kaskazini, Wahunde, Wahutu, Wakano, Wakumu, Wambuti, Wanande, Wanyanga, Watembo na Watutsi, waliunda baraza la pamoja lililojulikana kama Barza Intercommunautaire. Walikaa kusuluhisha ugomvi wa ardhi na wa damu kabla haujafika kwenye silaha. Lilifanya kazi njema kwa miaka kadhaa, kisha siasa ikaligawa, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 lilikuwa limevunjika.

Miaka hiyo salamu ilipata pia kazi ya gazeti. Kabla simu za mkononi hazijafika vijiji vya Walikale, watu walitegemea fonii, ile redio ya mawasiliano iliyokuwa kwa wafanyabiashara, misheni na hospitali. Mtu alipanga foleni ili asalimu ndugu yake aliyeko Goma, na kila mtu chumbani alisikia. Mwezi Februari 2002 Radio Okapi ilianza kutangaza, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake, na habari za Pinga, huko Walikale, zikaweza kusikika Masisi siku ile ile. Hata hivyo hakuna redio inayofikia undani wa salamu ya watu wawili njiani. Sikiliza akina mama wawili wanaokutana juu ya Mushaki, mmoja akipanda na mwingine akishuka kuelekea Sake:

"Jambo mama."

"Jambo sana, mama."

"Muliamuka?"

"Tuliamuka, aksanti."

"Batoto beko aje?"

"Beko bazima. Na ba kwenu?"

"Beko, juu ya Mungu. Njia iko aje kule?"

"Njia iko kimya. Ni pale tu ku kilima, beko balala pale."

Kila swali hapo lina kazi. Watoto wakiulizwa, huulizwa kwa sababu wengine wamechukuliwa kubeba mizigo au silaha. Njia ikiwa kimya, anayepanda ataendelea. Na "beko balala pale", bila kutaja ni akina nani waliolala kilimani, ni taarifa inayotosha kwa anayejua kusikiliza: atazunguka. Yote hayo yamesemwa bila mtu kusimama zaidi ya dakika moja, na bila jina la kikundi chochote kutoka mdomoni. Mgeni anayeziona salamu ndefu za Kivu kuwa ni kupoteza wakati angejiuliza habari hiyo angeipata wapi kwingine.

Mkono nao una historia yake. Kumsalimu mkubwa, mtu hutoa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kigasha cha ule wa kulia, na huinama kidogo. Wanaosema Kinyarwanda hukumbatiana, mikono ikishika mikono ya mwenzake juu ya kiwiko, hasa baada ya kutengana muda mrefu. Marafiki wa mjini, wanaume kwa wanaume, hugusanisha panja: upande huu, upande ule, kisha huu tena. Kisha ikaja Ebola. Mlipuko ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, kuanzia upande wa Beni. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza aligunduliwa Goma, na Agosti ugonjwa ulithibitishwa Pinga, ndani ya Walikale. Kufikia tarehe 25 Juni 2020 ulipotangazwa kwisha, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Katika kila bariyeri kulikuwa na ndoo ya maji yenye klorini na kipimajoto, na mikono ikafungwa. Watu waligusana viwiko, au waliweka kiganja kifuani. Korona ilipoingia katikati ya hayo, viwiko vilikuwa vimekwisha zoea.

Lililoumiza zaidi lilikuwa msiba. Kilioni, mtu wa Masisi hasemi mengi: "Poleni", kisha mkono, kisha hukaa chini pamoja na wafiwa. Mkono ndio uliokuwa unabeba pole. Ulipokatazwa, watu walilazimika kulitamka neno mara nyingi zaidi, na wengi walilalamika kwamba halikushuka moyoni. Baadaye mikono ilirudi, kwanza kwa vijana, kisha kwa wote.

Anayekwenda huko leo ajue pia majina ya heshima, kwa kuwa Jambo peke yake ni nusu ya salamu. Mwanamke mtu mzima ni mama, hata akiwa mdogo kuliko wewe, na aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Mwanamume ni papa au baba. Mwenye mvi ni mzee. Dada au kaka mkubwa ni yaya, bibi na babu ni koko. Mwenye madaraka ni mukubwa au shefu, na mtawala wa jadi ni mwami. Shikamoo inajulikana kutokana na vitabu na redio za Tanzania, na wanajeshi wa Kitanzania waliokuja na kikosi cha Umoja wa Mataifa mwaka 2013 waliisikizisha Goma, lakini haijapata mwenyeji. Heshima ya Kivu hukaa katika jina unalomwita mtu, katika mkono wa kushoto unaoshika wa kulia, na katika wingi: mzee mmoja huulizwa "Muko aje?" kana kwamba ni wengi. Nyumbani hupigwa hodi na hujibiwa karibu, kama Lamu, kama Kigoma. Shukrani ni aksanti, yenye k yake, na hakuna haja ya kuiondoa.

Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwishoni mwa mwaka huo majeshi ya Jumuiya yakaja. Warundi wakawekwa Masisi, Wakenya upande wa kaskazini mwa Goma. Waliondoka Desemba 2023 na vita vikiendelea. Januari 2025 waasi wa M23 waliichukua Masisi, Sake na Goma. Machi mgodi wa bati wa Bisie ulisimamisha kazi walipokaribia, kisha wakafika Walikale mjini, na mapema Aprili wakajiondoa. Katika kambi za kando ya Goma, kabla hazijavunjwa, Wahunde, Wahutu, Wanyanga na Watembo waliokimbia vijiji tofauti walipangwa mahema kwa mahema, na asubuhi walikutana kwenye bomba la maji. Walianza kwa Jambo. Swali la pili lilikuwa "Mulitoka wapi?", na jibu lilikuwa jina la kijiji, halikuwa jina la kabila.

Kwa hiyo ndugu msomaji wa Mombasa, wa Dodoma, wa Muscat au wa Minneapolis, unapokutana na mtu wa Masisi au wa Walikale, huko kwao au huko alikokimbilia, akakuambia "Jambo", mjibu "Jambo". Mwite mama au mzee. Muulize ameamkaje, watoto wakoje, na njia ya kwao ikoje, kisha umsikilize hadi amalize kabla hujamweleza shida iliyokupeleka kwake.